Likasi Haiitiki

Kwa miaka kumi na tisa Godefroid alilipwa ili kuitikia watu asiowaona. Kazi hiyo ilikuwa na jina: opereta wa phonie. Phonie ni redio ya masafa mafupi inayosikia na kusema, sanduku la kijivu lenye micro ya kusemea mbele na batri ya gari chini ya meza, na hapa kwetu ilikuwa simu ya nchi kabla nchi haijapata simu. Sanduku lake lilikaa katika depo ya samaki wa chumvi, mjini Likasi, ndani ya chumba ambacho kwa harufu yake hakuna mtu aliyewahi kumwonea wivu.

Kila asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, Jean, chef, yaani mkuu wa mtandao, aliita vituo kimoja kimoja. Kila kituo kiliitika: niko, nakupata cinq sur cinq, yaani vizuri kabisa. Kisha yalifuata mambo ya kazi: magunia yaliyotoka, lori lililokwama, nani amezaa, nani amekufa.

Kituo cha mission ya Kabwibwe, huko mbali kwenye mabwawa ya Upemba, kiliitika kwa sauti ya mwanamke. Aliitwa Adrienne. Godefroid hakumwona hata siku moja. Alijua tu kwamba mume wake alizama mwaka wa mvua nyingi, kwamba alikuwa na mbuzi mwizi, kwamba kila mwezi wa saba alikohoa, na kwamba alikuwa na tabia ya kucheka kabla ya kuachia kifungo cha micro, ili kicheko kisipotee njiani. Majirani zake wa cité, mtaani kwake, aliowaona kila siku, hakuwajua hata nusu ya hivyo.

Berthe, mke wake, alilipokea jambo hili vizuri, maana yake alilisema waziwazi.

"Ule bibi yako wa mu hewa anasema nini leo?"

"Anasema mbuzi yake ilikula Biblia ya diacre wa kanisa."

"Njo mwanamuke wa kuoa ule. Hakule, hakulale, hakuombe pagne ya kuvaa."

Halafu juu ya kilima ikasimama antena ya simu, na Jumamosi moja patron, mwenye depo, akaja na mnunuzi wa phonie. Sanduku lilichomolewa saa nne asubuhi. Saa hiyo Godefroid alikuwa sokoni akitafuta maji ya batri. Alirudi na maji yake, akakuta meza, na juu ya meza alama ya mraba mahali ambapo vumbi halikuwa limefika.

Mtandao ule ulikuwa na sheria moja ambayo hakuna aliyeiandika. Opereta anayeacha kazi husema mbele ya wote neno moja, "terminé", yaani nimemaliza, na vituo vyote humjibu. Anayenyamaza bila kusema terminé husubiriwa siku arobaini, kisha huombewa kama marehemu. Si kwa ubaya. Huko mabwawani, mtu akinyamaza siku arobaini, mara nyingi ndivyo ilivyo.

Godefroid aliijua sheria. Alisema wiki ijayo atatafuta phonie mahali fulani aseme neno lake. Wiki hiyo ilichukua miaka kumi na moja. Katikati yake alifungua kibanda kidogo na kuuza unités, vocha za simu, yaani alikula kutoka mkononi mwa kitu kilichomwondoa kazini, na hakuona ajabu. Likasi ni mji wa watu waliokula kutoka mikono mingi ya namna hiyo.

Aliyemwamsha ni mwanamke mmoja muuza samaki aliyekuja kibandani kununua unités. Alisema ametoka Kabwibwe. Godefroid akamuuliza kama kule kuna réseau ya simu.

"Réseau ya wapi, papa? Kule tunapanda ku kichuguu tunanyoosha mukono, na bado hakuna."

"Na mama wa phonie? Adrienne?"

Mwanamke alifikiri. "Banasema alikufwa. Ao ni dada yake njo alikufwa. Minye siko mutu wa pale mission, sijue muzuri."

Akaondoka. Godefroid alibaki ameshika karatasi yake ya unités. Tangu saa hiyo alikuwa na shida moja tu duniani: kujua kama Adrienne bado anaitika. Na kwa hilo hakuhitaji kusema, alihitaji kusikia. Alihitaji poste, redio ya kusikiliza tu, ya masafa mafupi, ndogo, ya kubeba.

Mtoto wake Exaucé, anayenunua mawe ya madini huko Kamatanda, alisikia kwamba baba anataka poste, akamletea moja siku ileile kwa moyo mweupe. Ilikuwa na taa, sola, mahali pa kutia clé USB, na king'ora cha kufukuza wezi. Ilikuwa na kila kitu isipokuwa masikio. Godefroid aliitafuta ile fréquence ya zamani, 6820, akaipata, na sauti zikatoka kama bata wanaogombana ndani ya ndoo.

Si kosa la bata. Phonie hutuma nusu tu ya wimbi ili kuokoa batri, na poste ya kawaida haijui kuirudisha nusu iliyokosekana. Lazima poste iwe na kitufe cha BLU. Godefroid alimweleza Berthe hayo yote mezani. Berthe alisikiliza huku ameshika kijiko cha mti, kama mtu anayesikiliza mlevi.

"Basi zile sauti ni za nani?"

"Za ba opérateurs."

"Juu ya nini hazina maneno?"

"Nusu imebakia kwenye batri."

"Godé." Berthe aliweka kijiko chini. Mama yake alitoka upande uleule wa mabwawa, na mambo ya upande huo hakuyafanyia mzaha, hata baada ya kubatizwa mara mbili katika makanisa mawili. "Mama alitufundisha hivi. Sauti ikikuita na hauone muntu, usiitike na kinywa. Gonga kintu. Sufuria, mulango, hata ukucha ku meza. Kama ni muntu, atajua uko. Kama haiko muntu, basi haitapata sauti yako ya kubeba."

"Minye niliitika miaka kumi na tisa."

"Na jiangalie vile uko."

Siku iliyofuata Godefroid alikwenda sokoni kwa Eddy, ambaye meza yake ina poste za kila umri. Eddy alimkaribisha kwa ile pana kuliko zote.

"Hii, papa, iko na ma bandes kumi na mbili."

"Kumi na mbili za kusikia nini?"

"Muziki. Ba pasteurs. Unataka nini ingine?"

Godefroid alianza kwa kufungua mlango wa pile, betri ndogo za poste, na kunusa, maana pile iliyovuja huacha harufu hata ikifutwa. Alizungusha vitufe vyote huku sikio lake liko karibu, akisikiliza mchanga ndani. Kisha akazibeba poste, moja baada ya nyingine, hadi mwisho wa soko, mbali na taa za sola na chargeurs za simu, ambazo hunguruma ndani ya masafa mafupi kama nzi ndani ya chupa. Aliivuta antena, akautembeza mshale polepole kwenye masafa ya mita arobaini na tisa, halafu thelathini na moja. Alitaka kuona kama vituo viwili vinavyokaa jirani vinaachana au vinasema kwa mpigo. Mwisho alipeleka mshale mahali ambapo hakuna kituo, akasikiliza pale kwa muda mrefu zaidi. Poste mbaya, mahali pasipo na kitu, inanyamaza tu. Poste nzuri inaleta kelele ya mvua ya mbali.

"Papa Godé," alisema Eddy, "bantu banunuaka poste juu ya kile inasema. Weye unasikiliza pale haiseme."

"Njo pale minafanyaka kazi."

Ya sita ndiyo ilikuwa yenyewe. Ilikuwa ya kijivu, nzito, mali ya mtafuta madini mmoja aliyerudi kwao au hakurudi, Eddy hakujua. Kitufe kimoja kilikuwa kimepotea, mahali pake pamewekwa kifuniko cha dawa ya meno. Ubavuni, kwa herufi zilizofutika nusu: BLU, na pembeni yake gurudumu dogo la kusafishia sauti. Godefroid alimwachia Eddy poste yenye king'ora, na juu yake baiskeli yake. Alirudi nyumbani kwa miguu. Berthe alimwona akiingia, akatazama nyuma yake kutafuta baiskeli, akatazama poste, akarudi jikoni. Kwake hiyo ni hotuba.

Ikabaki waya. Antena ya fimbo hutosha kwa vituo vikubwa vya ng'ambo, lakini sauti dhaifu ya phonie inataka waya wa mita nane au kumi, angani. Mji huu umetuma shaba duniani kote kwa zaidi ya miaka mia, na Godefroid alizunguka siku mbili kutafuta mita kumi za shaba. Alipozipata hakuthubutu kuziacha nje, kwa kuwa waya wa shaba unaoning'inia katika cité una maisha ya saa chache. Kwa hiyo kila asubuhi alirusha waya juu ya mti wa avoka, na kila asubuhi aliushusha, kama mtu anayeanika suruali moja tu aliyo nayo.

Jumanne moja umeme ulikuwa umekatika mtaani kote. Watu waliulalamikia, Godefroid alishukuru, kwa sababu mtaa usio na umeme ndio mtaa usio na kelele. Saa kumi na mbili na nusu alikaa chini ya mti na chai yake. Bata walikuwepo. Alibonyeza BLU, akaligusa gurudumu kidogo, kidogo tena, na bata wakawa watu.

Jean alikuwa amezeeka. Aliita vituo kwa mpangilio uleule, na kila jina lilipata sauti yake, nyingine ngeni. Halafu, akiachia zamu: "Kabwibwe. Kabwibwe, à vous."

Kukawa na mvua ya mbali. Kisha: "Kabwibwe iko. Nakupata cinq sur cinq." Na kicheko, kabla ya kifungo kuachiwa.

Godefroid alimwaga chai juu ya goti lake na hakusikia moto. Alitaka kumwita Berthe. Lakini Jean alikuwa hajamaliza.

"Sasa bale benye hawaitike," Jean alisema, polepole zaidi.

Aliita jina la kituo kimoja ambacho Godefroid alikumbuka kwamba opereta wake alikufa kwa kipindupindu. Sekunde nne za kimya. "Apumuzike," ilisema sauti fulani. Akaita kingine. Sekunde nne. "Apumuzike."

"Likasi," akaita Jean. "Godefroid wa Likasi."

Moja. Mbili. Tatu. Nne.

"Apumuzike," alisema Adrienne.

Hivyo ndivyo Godefroid alivyopata, katika dakika moja, habari mbili: kwamba Adrienne ni mzima, na kwamba yeye mwenyewe amekufa. Poste aliyoichagua kwa uangalifu mkubwa ilikuwa na kila sifa ya kusikia na haikuwa na njia yoyote ya kujibu. Alisema "niko" mara mbili, pale chini ya mti. Kuku wa jirani walimtazama.

Alidhani atazoea. Aliisikiliza Jumatano, akaisikiliza Alhamisi, wiki nzima, wiki tatu. Kila asubuhi aliitwa, alisubiriwa sekunde nne, akapumzishwa. Katika sekunde zile, Berthe aliona, mume wake alikuwa anaacha kupumua, kama kwa heshima. Mchana alianza kuwasalimu watu mara mbili, ili awe na hakika kwamba wanaitika. Kibandani mteja mmoja alimpita na kumuuliza mtu mwingine kama mwenye kibanda yuko. Godefroid alichukua muda kabla ya kusema yuko.

"Utakufwa kweli na hii poste," alisema Berthe. "Muandikie barua."

"Barua mutu yote anaweza kuandika."

"Mutumie photo."

"Berthe. Hajaniona hata siku moja. Photo itamwambia nini? Itamwambia kuna muzee moja Likasi."

Kitu pekee ambacho Adrienne alikijua juu yake kilikuwa sauti. Kwa hiyo Ijumaa ya wiki ya nne, kabla jua halijatoka, alipanda taxi-bus ya kwanza ya njia ya Mulungwishi. Pembeni mwa njia hiyo, mbele kidogo ya mission ya Mulungwishi yenyewe, kuna kanisa dogo la mabati la pasteur Blaise, ambaye ametunza phonie ya zamani kwa ajili ya waumini wake wa porini. Pasteur ni kijana mkarimu. Alimsikiliza mzee, akapangusa micro kwa shati lake, akamwachia kiti.

Jean aliita majina. Kabwibwe aliitika. Kisha wale wasioitika. "Likasi. Godefroid wa Likasi."

Godefroid alibonyeza. Kidole chake kilijua njia.

"Likasi iko," alisema. "Nakupata cinq sur cinq. Kabwibwe, Kabwibwe, hapa Godefroid. Niko muzima, mama. À vous."

Hakuna aliyesema. Hazikuwa zile sekunde nne za kila siku. Zilikwenda mbali zaidi. Hatimaye alikuja Jean, na sauti yake ilikuwa imekauka.

"Ma stations yote, musiitike. Narudilia: musiitike."

"Jean, ni minye. Depo ya samaki. Balibeba appareil ya phonie nikiwa ku soko, sikusema terminé. Minye niko muzima."

Na hayo, kwa kweli, ndiyo hasa ambayo marehemu angesema. Vituo vilianza kuzimika kimoja baada ya kingine. Opereta wa zamani husikia jambo hilo, kama chumba kinachozidi kuwa kitupu. Pasteur Blaise alichukua micro.

"Ndugu zangu, hapa pasteur Blaise. Huyu papa iko hapa. Namuona na macho yangu mbili. Amevaa kofia."

"Pasteur," alisema Jean, "toka mu kile chumba. Acha mulango wazi. Tunakuombea."

Na yeye akazima.

Godefroid aliirudisha micro mkononi mwake. Aliangalia taa ndogo nyekundu. Alisema, taratibu, kama alivyopaswa kusema miaka kumi na moja kabla: "Likasi, terminé." Alisubiri vituo vimjibu, kwa sababu ndiyo desturi. Kisha akamshukuru pasteur, akarudi mjini. Ndani ya taxi-bus convoyeur, utingo wake, alimhesabu pamoja na wengine, na jambo hilo lilimtuliza kidogo.

Asubuhi ya Jumamosi hakutaka kurusha waya. Berthe aliurusha. Mara ya kwanza ulianguka juu ya kichwa chake, mara ya pili ukashika tawi. Akaleta kiti cha pili, ambacho hakuwahi kukileta, akakaa na kijiko chake cha mti mapajani. Umeme ulikuwepo siku hiyo, na kelele zake zote. Sauti zilikuja zimefunikwa na mngurumo, lakini zilikuja.

Jean alieleza kilichotokea kwa maneno machache. Alisema wamefunga na kuomba. Alisema kuanzia leo jina la Likasi halitaitwa tena, wala kati ya wanaoitika wala kati ya wasioitika, ili lile lililokuja jana lisipate mlango. Aliita walio hai. Kabwibwe aliitika, bila kucheka. Aliita wafu. Baada ya yule wa kipindupindu na mwenzake, aliruka.

"Basi," alisema Godefroid. "Sasa siko fasi yoyote, wala huku wala kule."

"Nyamaza."

Jean alifunga mtandao. Vituo viliaga, kimoja kimoja. Ikabaki mvua ya mbali na mngurumo wa umeme wa mtaa. Godefroid alinyoosha mkono kuzima, kuokoa pile.

Ndani ya poste kitu kikagonga. Mara mbili, kikavu, karibu sana. Kikanyamaza. Kikagonga tena mara mbili.

"Parasites, kelele tu," alisema Godefroid, ambaye alikuwa mtaalamu. "Ni chargeur ya jirani."

"Hapana." Berthe alikuwa ameinama mbele. "Ile ni ukucha. Ukucha ku micro."

Kiligonga mara ya tatu, taratibu zaidi, jinsi mtu anavyogonga mlango wa nyumba ambayo hana hakika kama ina watu. Godefroid alitoa mkono wake kwenye kitufe. Macho yake yalikuwa kwenye kifuniko cha dawa ya meno, na alisubiri kicheko kabla ya kifungo kuachiwa. Hakikuja. Bila shaka, kicheko ni sauti, na sauti hubebwa.

"Ule mwanamuke alilelewa muzuri," alisema Berthe. "Sasa muitike."

"Berthe, hii poste haitume. Inasikia tu."

"Minajua. Ulinieleza. Nusu iko kwenye batri." Alimpa kijiko cha mti. "Muitike."

Godefroid alikipokea. Aligonga mguu wa kiti, mara mbili. Kuku wa jirani waliinua vichwa. Wakakaa pale wote wawili, chini ya avoka, wakisikiliza mahali ambapo poste haisemi, hadi saa moja ilipofika na ikabidi kuushusha waya kabla mtaa haujaamka.